Gari Lililovuka Kona ya Mawe Meusi

Hapo zamani, si zamani ile ya wanyama kusema, bali zamani hii ya jirani, ya watu kutia injini kali ndani ya magari madogo, aliishi Tukuyu mpima ardhi mmoja jina lake Ambokile. Sikilizeni vizuri, maana nikifika mwisho mimi nitanyamaza na kazi itabaki kwenu.

Ambokile alikuwa na mke, Subilaga, na Subilaga alikuwa fundi wa injini. Gereji ilikuwa yake. Jina lake lilikuwa juu ya lango, na ukutani, kwa rangi nyekundu, alikuwa ameandika kwa mkono wake: HAPA THEMOSTATI HAITOLEWI.

Themostati ni kile kijilango kidogo kinachoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Mafundi wengi, gari likichemsha, hukitoa na kukitupa, wakisema ni kifaa cha Ulaya, sisi huku ni nchi ya joto. Subilaga alikuwa akiwajibu, "Mnavaa makoti mpaka saa sita mchana, halafu mnaniambia Tukuyu ni nchi ya joto?" Alishikilia kwamba injini inayofanya kazi ikiwa baridi hujila yenyewe polepole. Fundi wake, Gwakisa, aliwahi kuitoa themostati kwenye gari la mteja akidhani hataonekana. Akarudishwa nyumbani siku hiyo hiyo, na hakupokelewa tena gereji mpaka mama yake alipokuja kumwombea.

Basi Subilaga akatengeneza gari la mbio. Alichukua kigari cheupe kikuukuu, akakipa injini yenye turbo aliyoipanga mwenyewe, pistoni kwa pistoni, huku Gwakisa akimpa vifaa. Na kila mwaka palikuwa na mbio za kupanda mlima. Magari yalianzia chini Kyela, kwenye mpunga na michikichi na joto la kubana kifua, yakapanda moja moja, kila moja kwa saa yake, mpaka juu kwenye mashamba ya chai, ambako ukungu hushuka bila kupiga hodi.

Mwaka wa kwanza Subilaga alipanda vizuri, akafika Kona ya Mawe Meusi, gari likachemsha. Mwaka uliofuata alibadilisha rejeta, akapanda vizuri, akafika Kona ya Mawe Meusi, gari likachemsha. Mwaka uliofuata huo akaongeza feni, akatoboa boneti ipitishe hewa, akapanda vizuri sana, akafika Kona ya Mawe Meusi, na moshi mweupe ukamtangulia.

Ikawa desturi ya Ambokile kwenda kusimama pale na dumu la maji. Hakuijua injini. Alijua tu mahali ambapo mke wake angesimama.

"Umeniletea maji au umekuja kunicheka?" Subilaga alikuwa akiuliza, macho mekundu kwa hasira na jasho.

"Nimeleta maji. Kucheka nitacheka tukifika nyumbani."

Dereva wa lori la chai, Lugano, kwa kigari chake cha mbio, ndiye aliyekuwa akishinda karibu kila mwaka. Naye alikuwa na desturi yake. Alifika juu, akapokea kikombe, kisha akageuza gari akashuka nalo mpaka kona ile akiwa na kamba, akamvuta Subilaga mpaka nyumbani. Njia nzima walikuwa wakitupiana maneno.

"Dada, mwakani nitakuja na kamba mpya, hii imechakaa kwa ajili yako!"

"Njoo nayo ndefu, utaihitaji wewe!"

Kisha Subilaga akaugua, na ugonjwa ulikuwa mrefu. Ambokile alijifunza kupika uji usio na mabonge, kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza, na kuketi bila kusema. Siku moja, akiwa ameegemea mito, Subilaga alitazama nje ambako gari lilikuwa limefunikwa turubai. Akasema, "Injini ile ni nzuri. Ni maji tu yaliyonishinda." Hakusema tena habari za gari. Mvua za kwanza zilipoanza, akafariki.

Siku ya kuanua matanga ndugu walikusanyika, na vitu vya marehemu vikagawiwa kama ilivyo ada. Vitenge vilikwenda kwa shangazi zake. Spana zilikwenda kwa Gwakisa. Kila mmoja alipokea kwa mikono miwili. Vilipokwisha, Shangazi Sekela, ambaye hana desturi ya kuzunguka jambo, akanyoosha kidole uani.

"Na hili gari je, mkwe wangu? Hili ni la nani?"

Atupele, mdogo wake Subilaga, aliinua macho. Gwakisa aliinua macho. Lugano, aliyekuja kuzika na akabaki kupasua kuni za msiba, naye aliinua macho. Ambokile akasema neno ambalo mbele ya watu wa matanga halirudi nyuma:

"Gari hili atalichukua yule atakayeifikisha injini yake juu bila kuchemsha. Yeyote atakayefanya hivyo, funguo ni zake."

Watu wakaitikia kwamba limesemwa vyema. Ambokile hakuwaambia kwamba alichagua sharti hilo kwa sababu kwa miaka yote halikuwahi kutimizwa, na kwamba alitegemea gari libaki pale uani, chini ya turubai, mahali alipoweza kuliona kila alipofungua dirisha.

Lakini wale watatu hawakulichukua neno lake kama kufuli. Walilichukua kama kazi.

Wakakutana gereji, boneti wazi, na Ambokile akaketi juu ya tairi kuukuu akiwasikiliza.

"Hii inataka pampu ya maji ya umeme," alisema Gwakisa. "Na tuchukue ile kubwa kuliko zote. Mlima ni mkubwa, pampu iwe kubwa. Tumalize maneno."

"Umeme?" Lugano alicheka. "Fundi, pampu ya mkanda haijui kukatika umeme. Badilisha puli yake tu, weka ndogo, izunguke haraka. Nina gari lenye puli hiyo."

Kazi ya Atupele ilikuwa kufunga pampu za visima, kutoka Rungwe mpaka Mbarali, na alikuwa amezoea watu wanaotaka kubwa kuliko zote. Aliinama akatazama mirija, akauliza, "Gwakisa, pale Mawe Meusi dada alikuwa gia gani?"

"Ya kwanza. Kona imejikunja mpaka unaona kibao cha namba cha gari lako mwenyewe."

"Kwa hiyo mwendo unakufa, mizunguko ya injini inashuka. Kisha anakanyaga mafuta yote. Moto unakuja wote kwa mara moja, na pampu bado inavuta miguu, kwa sababu imefungiwa kwenye injini kwa mkanda. Injini ikilegea, pampu inalegea. Sawa?"

"Sawa."

"Na Lugano ukiipa puli ndogo, pale kwenye kona itakusaidia kidogo. Lakini ukifika sehemu iliyonyooka, injini ikilia, pampu itazunguka mpaka iyapige maji yawe povu. Povu halibebi joto."

Lugano akakuna kidevu. "Ndiyo maana yangu hupandisha mshale wa joto pale juu, kwenye barabara iliyonyooka ya mashamba ya chai."

"Uliwahi kuniambia? Ungeniambia ningekutibu zamani."

"Basi ile kubwa," Gwakisa akarudia.

"Hiyo ndiyo mnayonunua wote mkija kwangu na visima vyenu," Atupele akasema. "Pampu kubwa, bomba jembamba, halafu mnanipigia simu betri zimekufa. Rejeta hii ni ile ile. Mirija yake inapitisha kiasi chake. Ukisukuma zaidi ya hapo umenunua kelele. Na ile kubwa inakula umeme kuliko altaneta hii inavyoweza kuzalisha huku inalisha plagi, feni na pampu ya mafuta. Mwanzo wa mlima itakuwa simba. Katikati ya mlima itakuwa inaomba msaada."

Akaweka mbele yao picha za pampu za aina tatu. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya magari ya kwendea sokoni. Ya tatu ilikuwa ile kubwa ya Gwakisa. Atupele aliweka kidole juu ya ya katikati, iliyokuja na kidhibiti chake, kisanduku kidogo kinachopima joto la maji na kuiamuru pampu iende polepole, iende haraka, au ikimbie kadiri iwezavyo.

"Hii," alisema. "Haiendi kwa amri ya injini. Inakwenda kwa amri ya joto. Pale Mawe Meusi injini italegea, lakini maji hayatalegea."

Ambokile hakuelewa yote, ila lile la mwisho alilielewa. Akasema iagizwe. Ikaagizwa Dar es Salaam, ikaja ndani ya boksi ambalo Shangazi Sekela alilipima kwa mkono akasema, "Hiki ndicho kitakachompandisha mtu mlima? Hata mahindi hakiwezi kusaga."

Gwakisa akaifunga, na jinsi alivyoifunga ni sehemu ya hadithi. Aliiweka chini kabisa, kwenye mpira wa chini wa rejeta, ambako maji yameshapoa, ili pampu isikae juu ikavuta hewa. Aliining'iniza kwenye vipande vya raba alivyokata kwenye tairi, mtikisiko usiiue. Akafungua pampu ya zamani, akang'oa mapanga yake ya kusukumia maji, akaiacha tupu kama kibanda kisicho na mtu, maji yapite tu. Akatafuta mkanda mfupi zaidi wa kuizungusha altaneta. Mwisho akapandisha pua ya gari juu ya magogo na kutoa hewa, akikamua mpira huu, akikamua mpira ule, mpaka kiputo cha mwisho kikatoka.

Akawasha. Mshale wa joto ukapanda, ukashuka ghafla, ukapanda tena. Ulicheza kama mtu asiyejua aende au abaki.

"Ni themostati," Gwakisa akasema taratibu. "Kidhibiti kinaamuru maji yaende, themostati inayazuia yasubiri. Wako walinzi wawili kwenye lango moja. Mzee, pampu hii yenyewe sasa ndiyo inayolinda joto. Themostati itoke."

Ambokile akageuka akatazama ukuta wenye maandishi mekundu.

"Haitolewi," akasema.

"Mzee..."

"Gwakisa, wewe kati ya watu wote. Unajua nani aliandika pale."

Gwakisa akamgeukia Atupele. Atupele alijua kwamba fundi amesema kweli. Karatasi iliyokuja na pampu ilisema hivyo hivyo, na kichwa chake kilisema hivyo hivyo. Lakini alimwona shemeji yake jinsi alivyosimama, mkono mmoja ukiwa umegusa ule ukuta. Akasema, "Shemeji ndiye mwenye neno hapa. Iache." Kisha akaenda nje kunawa mikono iliyokuwa safi.

Ikabaki kumpata dereva. Kila mtu alimtazama Lugano, na Lugano akatazama chini, kwa maana alikuwa na gari lake, na mwaka ule lilikuwa kali kuliko miaka yote. Asubuhi ya kujiandikisha alifika peke yake kwa miguu. Gari lake alikuwa amelifungia nyumbani.

"Kaka Ambokile, nipe helmeti ya dada," alisema. "Nimemvuta kwa kamba vya kutosha. Mwaka huu nataka nimpandishe."

Kabla ya kuondoka, Atupele alimshika bega dirishani. "Lugano, sikiliza. Pampu hii haina mkanda. Ikikosa umeme imekufa, na ikifa hutasikia kitu. Ukiona taa ya betri imewaka, zima vitu vya umeme usivyovihitaji."

"Nitazima redio, dada."

"Gari hili halina redio."

"Basi kazi yangu imeshakwisha nusu!"

Ambokile hakwenda mwanzoni, wala hakwenda kileleni. Alikwenda mahali alipozoea. Alisimama Kona ya Mawe Meusi na dumu lake la maji limejaa, pembeni ya watu wengine waliokuja kutazama. Ukungu ulikuwa umeshuka mapema. Magari yalisikika kabla ya kuonekana. Kwanza ulikuja mngurumo, kisha taa mbili za manjano, kisha bati likapita na matope yake. Moja likapita. La pili likapita. Kisha ukaja mlio ambao Ambokile angeutambua hata usingizini, ule wa turbo inayopiga mluzi kwa meno, na mbele ya mlio huo hapakuwa na taa yoyote.

Gari jeupe likatokea ndani ya weupe. Taa zilikuwa zimezimwa. Waipa zilikuwa zimesimama. Kioo cha mbele kilikuwa kama kimepakwa maziwa. Lugano alikuwa ametoa kichwa na bega zima nje ya dirisha, anasoma ukingo wa barabara kwa macho matupu, na upande ule wa ukingo hakuna ukuta, kuna bonde. Akaingia kwenye kona. Mwendo ukafa. Injini ikalegea. Watu wakabana pumzi, kwa kuwa wote waliijua hadithi ya mahali pale.

Lugano akakanyaga mafuta.

Hakuna moshi uliotoka. Gari likajikunja, likajinyoosha, likatupa kokoto juu ya viatu vya Ambokile, na likaenda. Mluzi ukapanda juu, ukaendelea kupanda, ukamezwa na ukungu. Ambokile alibaki amesimama na dumu mkononi, na dumu limejaa.

Gari la waandaaji lilimchukua baadaye mpaka juu. Alikuta gari jeupe limeegeshwa kwenye majani kando ya chai, halikuchemsha njia nzima, injini imezimwa. Shangazi Sekela alikuwa amekwisha kufika na birika. Ambokile aliweka kiganja juu ya boneti, na chini ya kiganja akasikia mvumo mdogo, wa taratibu.

"Si mmezima?" akauliza.

"Injini imezimwa," Atupele akamwambia. "Hiyo ni pampu. Ile ya mkanda hufa pamoja na injini. Hii huendelea kuyazungusha maji mpaka joto lote litoke. Itanyamaza yenyewe."

Ambokile hakuondoa mkono wake. Wale watatu wakasimama kando yake. Ulipokoma mvumo ule, akafuta uso kwa leso, akasema, "Haya. Tunywe chai."

Kikombe cha mbio kilikuwa kimekwenda kwa mtu mwingine, na hakuna aliyeuliza. Waliketi kwenye majani, ndizi za kuchoma katikati yao, na Shangazi Sekela akaziweka funguo juu ya sahani tupu.

"Ahadi ni deni la mbele ya matanga, na mimi nilikuwapo," alisema. "Nani anazichukua? Aseme nisikie. Na msiseme mnaogopa, nyote nimewaona mkizitazama kuliko ndizi."

Atupele akaanza. "Ni mimi, shangazi. Gwakisa alitaka kubwa, Lugano alitaka puli. Tungemfuata Gwakisa, umeme ungekwisha kwenye ukungu wa kwanza, kabla hata ya Mawe Meusi. Tungemfuata Lugano, maji yangekuwa povu. Walioweza kufunga walikuwapo, waliojua kuendesha walikuwapo, miaka yote. Aliyekosekana ni mtu wa kuchagua. Na zaidi ya hayo, vitenge vyote mlichukua nyinyi shangazi. Mimi ni ndugu yake wa tumbo moja na sina kitu chake hata kimoja."

"Hilo la vitenge limenipata," Sekela akasema. "Endeleeni."

Gwakisa aliingiza mkono kwenye mfuko wa ovaroli, akatoa kitu kidogo cha shaba, cha mviringo, akakiweka kwenye sahani kando ya funguo.

Ambokile alikitambua. "Gwakisa!"

"Niliitoa leo asubuhi, mzee, mlipokuwa mkinywa chai. Nilijua ungekataa, ndiyo maana sikuuliza mara ya pili. Mama Subilaga alinifukuza kazi kwa sababu ya kifaa hiki, na alikuwa na haki, maana siku ile nilikitoa bila kujua kinafanya nini. Leo nimekitoa kwa kuwa yeye ndiye aliyenifundisha kinafanya nini. Kingebaki mle ndani, pampu ya Atupele ingesukuma maji kwenye mlango uliofungwa. Atupele alijua. Alijua akanyamaza kwa heshima. Mimi nilivunja heshima na injini ikapona. Kama si mimi, mzee, dumu lako lingekuwa tupu sasa hivi. Na ile injini nimeikabidhi kifaa kwa kifaa mkononi mwa mama. Gari hili halina nati nisiyoijua."

"Kwa hiyo mtu huvunja amri ya mwenye nyumba na ya marehemu kwa mpigo mmoja, halafu anadai zawadi?" Lugano akauliza.

"Wewe uliendesha bila taa kwenye ukungu. Hiyo ni amri ya nani?"

Sekela akacheka mpaka chai ikamwagika. Lugano naye akacheka, kisha akawa mtu wa makini.

"Nisikilizeni na mimi. Taa ya betri iliwaka chini kidogo ya kona. Ukungu ulinifanya niwashe taa kubwa na waipa, na altaneta haikuweza kulisha vyote. Mshale ukaanza kupanda. Nilikuwa na njia mbili. Nione barabara na dada Subilaga achemshe palepale alipokuwa akichemsha, au nizime kila kitu na pampu ipate umeme wake. Nikazima. Chaguo zuri la Atupele na kazi nzuri ya Gwakisa vyote vilikuwa vinakufa mikononi mwangu, nikaviokoa kwa shingo yangu."

"Nani alikuambia uzime?" Atupele akadakia.

"Uliniambia nizime nisivyovihitaji, dada. Taa nilizihitaji! Wewe uliniambia nizime redio, hukuniambia nizime macho."

Atupele akamsogezea ndizi moja.

"Na tena," Lugano akaongeza kwa sauti ya chini, "gari langu liko nyumbani limefungiwa. Mnajua mwaka huu lilikuwaje. Sikuombwa na mtu. Nanyi mkilichukua hili mtaliweka chini ya turubai, Atupele alilie, Gwakisa alisugue. Mimi nikilichukua, mwakani litapanda tena. Dada hakulitengeneza lisuguliwe."

Neno hilo likawagusa wote, na wa kwanza kuguswa alikuwa Ambokile, kwa kuwa yeye ndiye aliyelifunika turubai.

"Wewe mkwe," Sekela akasema. "Umesikia. Mmoja alichagua. Mmoja alivunja amri. Mmoja aliweka shingo. Sema."

Ambokile akazichukua funguo kwenye sahani. Zilikuwa nyepesi kuliko alivyozikumbuka. Aliwatazama mmoja mmoja. Tangu msiba alikuwa amejiandaa kwa upungufu: nyumba yenye sauti chache, meza yenye sahani moja, kona yenye ukungu. Hakuwa amejiandaa kwa wingi. Hakuwa amejiandaa kwa watu watatu ambao, kila mmoja kwa njia yake, walikataa kumwacha mke wake kwenye ile kona.

"Ndaga fijo," alisema kwa lugha ya nyumbani. "Nawashukuru sana. Niliweka sharti nikidhani halitatimizwa, nikafurahi kwamba nimeshindwa. Atupele, nakushukuru. Gwakisa, nakushukuru, na ukuta ule tutauacha kama ulivyo, ila sasa nimeelewa alichokuwa akikilinda ni injini, si kifaa. Lugano, nakushukuru, na usirudie tena, una watoto. Shukrani naweza kuigawa mara tatu na bado ikabaki nzima. Gari siwezi."

"Basi mpe mmoja, mwanangu," Sekela akasema. "Chai inapoa."

Ambokile akanyoosha mkono. Na mimi hapa ndipo ninapoketi.

Sasa nyinyi mlionisikiliza, msinitazame mimi. Atupele alichagua pampu iliyofaa, lakini lilipokuja suala la themostati aliijua kweli akaimeza kwa kumheshimu mfiwa. Gwakisa aliitenda ile kweli, lakini kwa kujificha, dhidi ya neno la aliye hai na neno la aliyekufa. Lugano aliacha ushindi wake na akahatarisha roho yake, lakini asingekuwa na cha kukiokoa kama wenzake wawili hawakukitengeneza. Ondoa mmoja wao, yeyote, na gari linachemsha Kona ya Mawe Meusi. Viganja vitatu viko wazi mbele ya Ambokile, funguo ni za gari moja, na watu waliosikia ahadi matangani wanangoja habari.

Je, nani alistahili, na ungekuwa wewe ndiye Ambokile, ungeziweka katika kiganja cha nani?